Mstari wa Ofisi ya Kivuko

Machi 4. Ngazi kumi na sita wazi.

Kitabu hiki kilikuwa cha safari za kivuko. Kurasa za mbele zimejaa mwandiko wangu wa miaka kumi na tisa: tarehe, hali ya maji, abiria, maoni. Daraja lilipojengwa huko juu ya mto, kivuko kikafa, nami mkata tiketi nikabaki na dirisha langu dogo, kalamu, na kurasa tupu zaidi ya mia. Naendelea kuzijaza. Safu ya maoni haikuwahi kunitosha.

Hali ya maji tuliipima kwa ngazi za gati, nami bado naipima hivyo. Ziko ishirini, za mawe, kutoka mlango wa ofisi hadi mtoni. Kiangazi zote huwa wazi. Leo nimehesabu kumi na sita, na mvua ndiyo kwanza imeanza.

Mama mkwe amesema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Hali yake ni ileile ya jana.

Machi 7. Kumi na tano.

Mvua kutwa. Hakuna mgeni hata mmoja. Nimefagia ofisi mara mbili ili mwenyekiti asinikute nimekaa.

Machi 12. Kumi na tatu.

Mwenyekiti wa kamati ya urithi amekuja na kibao cha shaba, amekishika kwa mikono miwili, hataki mtu akiguse. Amekipigilia mwenyewe ukutani mwa ofisi, juu kidogo ya mstari. Kimeandikwa: "Maji ya mafuriko makuu yalifika hapa. Nahodha wa kivuko alisimama ndani yake hadi mtu wa mwisho akavuka."

Tarehe tisa Aprili anakuja ofisa wa mambo ya kale. Akiridhika, mji wetu utaingia kwenye orodha ya sehemu za kutembelewa, barabara itachongwa, na watu waliokaa bure tangu daraja lijengwe watapata kazi. Mwenyekiti amesema hayo huku akikifuta kibao kwa mkono wa shati. "Dada, wewe ndiye uliyetufikisha hapa," akaniambia. "Ile hadithi yako inatoa watu machozi."

Nimeitikia. Halafu nimekaa hapa dirishani, na kwa kuwa sina wa kumwambia, naandika.

Mstari ule ni wa rangi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi rangi, na miaka sita iliyopita aliipaka ofisi hii: juu nyeupe, chini kahawia ya mafuta hadi usawa wa kifua, kama ofisi zote duniani. Mimi ndiye niliyemshikia uzi ili mstari unyooke. Kamati ilipoanza mambo ya urithi, ikaamua rangi ya chini ikwanguliwe mawe ya zamani yaonekane, maana wageni wanapenda mawe ya zamani. Ikatoka yote isipokuwa ukingo wa juu, ambao ulikuwa umenywewa na lipu. Ukabaki mstari wa kahawia, umezunguka chumba.

Agosti wakaja wageni saba. Walikuwa wameona kivuko kibovu na dirisha la tiketi, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaosubiri basi. Mmoja akauliza, mama, mstari huu ni wa nini? Ningesema rangi. Neno moja tu. Nikasema mafuriko. Wakatoa kamera. Basi mdomo ukateleza, nikamtia ndani baba mkwe wangu, aliyekuwa nahodha enzi hizo na ambaye sikuwahi hata kumwona, nikamsimamisha kwenye maji ya kifua akipitisha watoto juu ya kichwa chake. Hata mtu mmoja hakupotea, nikasema. Mafuriko yalikuwepo kweli, hilo kila mtu analijua, ila nusu ya mji imehamia hapa baada yake. Waliokuwepo siku hizo wamebaki wawili: mzee mmoja asiyesikia wala kukumbuka, na mama mkwe.

Mara ya tatu kuisimulia nililia mwenyewe. Siku hiyo mama mkwe alikuwa ameniletea funguo nilizosahau, akasimama mlangoni, akasikia yote. Machozi yalimtoka. Nilidhani ni ya fahari, nikajiona nimempa zawadi. Mimi ambaye kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kumpikia kitu akakisifu.

Machi 15. Kumi na mbili.

Mama mkwe amebeba sufuria yetu kubwa hadi shuleni, kule kilimani, akaiacha kwa mlinzi. Kupanda peke yake, na magoti yale! Nimemuuliza kulikoni. Akasema, "Ni sufuria yangu, niliolewa nayo. Usinichunguze."

Machi 21. Tisa.

Leo nimekwenda kuitazama nyumba ya wageni. Mwashi wetu, ambaye kila mtu anamwita Futi kwa sababu hata sokoni anatembea na futi kiunoni, amemaliza sakafu na mabati yameshafungwa. Nyumba imependeza, siwezi kusema uongo. Vyumba sita, kibaraza kinautazama mto, vitanda vimeshaingia. Nimemsifu.

Futi alikuwa rafiki wa marehemu na huniita shemeji. Akaniambia, "Mimi sijengi kwa kubahatisha, shemeji. Unajua sakafu hii nimeiwekaje? Nimevuta uzi kutoka kwenye mstari wako pale ofisini, nikapandisha juu mkono mzima. Hata yale mafuriko makuu yakirudi, mgeni hatalowa kidole."

Nikasema vizuri. Nimerudi ofisini nikautazama ule mstari mpaka macho yakauma, na ninachokiona ni mume wangu amepiga goti, penseli sikioni, ananiambia nishike uzi vizuri.

Machi 23. Saba.

Siku mbili, ngazi mbili. Mtoni vinapita visiki na mlango mzima wa choo cha mtu.

Machi 26. Tano.

Mkutano ofisini, watu wamejaa hadi dirishani. Nyumba za ukingoni zimeanza kuchuruzika maji sakafuni. Mwalimu mkuu akasema shule iko wazi kwa atakayetaka. Mwenyekiti akamshukuru, kisha akasema shule inavuja, njia yake ni utelezi mtupu, wazee hawataweza. Maji yakipanda, watu wote wa ukingoni waingie nyumba ya wageni. "Ni mpya, ina vitanda, na imepimwa," akasema. Akaweka kiganja juu ya kibao. "Mto wenyewe umeshatuonyesha mwisho wake."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye watoto wanne alikaa mbele yangu kabisa, na nilimwona akishusha pumzi. Akanigeukia, akaniambia, "Bila wewe tusingejua."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mwenyekiti akasema kuna ombi? Nikasema hapana, nilikuwa napiga miayo.

Machi 29. Nne.

Mama mkwe amepeleka blanketi na ndoo shuleni. Nadhani anapanga kunihama. Hata mimi ningejihama.

Aprili 2. Tatu.

Nimemwambia mwenyekiti. Nilimkuta kwenye duka lake la vifaa anapanga misumari, nikafunga mlango nyuma yangu na kumwaga yote: rangi, uzi, wageni saba. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kitu. Ofisa anakuja Jumatano. Akishasaini, utaniambia unachotaka na tutakirekebisha taratibu."

"Mwenyekiti, watu watalala mle."

"Na wewe unajua maji yatafika wapi? Hujui! Mimi sijui, wewe hujui. Huenda yalifika chini ya mstari. Huenda uliotea." Sauti ilikuwa ya chini, karibu ya kuomba. "Dada, vijana wangu wawili wameondoka mji huu kwa kukosa kazi. Usinivunje miguu sasa."

Nikamwacha. Njiani nilijiambia kwamba nimeshasema, mzigo ni wake. Ulikaa kwake kwa muda wa kutoka dukani hadi nyumbani.

Aprili 4. Mbili na nusu.

Mvua imepumzika kutwa. Watu wanaanika magodoro. Nimeimba nikifua.

Aprili 5. Moja.

Imenyesha huko juu, sio kwetu, lakini maji ni yetu. Nimekwenda kwa Futi nikamwambia. Yeye hakuniuliza nani anajua. Alikaa chini kwenye tofali, akachomoa futi kiunoni, akaivuta na kuiachia, akaivuta na kuiachia.

"Nimejengea kwenye rangi," akasema. "Rangi ya rafiki yangu mwenyewe." Halafu akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. "Shemeji, ulikuwa unanitazama naweka msingi."

"Ndiyo."

"Kila siku ulipita pale ukinisalimia."

Nikasema ndiyo.

Aprili 7. Hakuna ngazi.

Naandika shuleni, darasa la tatu, kwenye dawati la mtoto. Nitaandika yote kwa mpangilio maana kichwa hakijatulia.

Asubuhi maji yalikuwa yamevuka kizingiti cha ofisi. Saa nne yalikuwa magotini na kiti changu kinaelea. Mwenyekiti akapita na kipaza sauti akiwaambia watu waingie nyumba ya wageni, nao wakaingia, na magunia, na kuku, na redio. Kufika saa saba walikuwa kama watu tisini mle. Watoto walikuwa wanaruka kwenye vitanda vya wageni. Mama mkwe wamempa kile kiti kikubwa cha mapokezi, maana ni mke wa nahodha, na mwenyekiti akapiga picha yake ya kumwonyesha ofisa.

Saa nane nilivua viatu nikaingia ofisini. Maji yalinifika kiunoni. Mstari ulikuwa shibri moja juu ya maji, na maji yalikuwa yanapanda huku ninayaona. Nikatoka mle mbio, ukiweza kuita mbio.

Nilisimama mlangoni pa nyumba ya wageni nikapiga kelele. Nikasema mstari ni wa rangi. Nikasema mume wangu aliupaka na mimi nilishika uzi, na hadithi yote niliitunga, na hakuna ajuaye maji yalifika wapi, na tupande shuleni sasa hivi kabla njia haijafunikwa.

Wakanitazama. Kisha yule mama wa watoto wanne akasema kwa upole, "Amechanganyikiwa. Ofisi yake imezama, maskini."

"Niliitunga!" nikasema.

"Ulituambia huku unalia," mwanamume mmoja akajibu. "Mtu halii kwa kitu cha kutunga." Wengine wakacheka kidogo, cheko la kunionea huruma. Mwenyekiti akasema niletewe maji ya kunywa na kiti. Futi akajitokeza akasema mimi ni mkweli, na yeye mwenyewe anapanda, na akabeba watoto wake wawili akatoka. Wakasema Futi anataka sifa. Mvua ilikuwa imerudi, inapiga mabati hadi usisikie la jirani, na mle ndani palikuwa pakavu. Nani atoke pakavu kwa maneno ya mtu aliyelowa hadi kifuani?

Nililia basi, na kulia kwenyewe hakukunisaidia, maana walishaniona nikilia. Nikageuka nimtafute mama mkwe nimbebe hata kwa nguvu. Alikuwa kwenye kile kiti, mikono mapajani, haangalii mtu. Ametazama mto. Na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kamba, vile vya safari, ambavyo havai hata msibani.

Hapo ndipo yote yalipojipanga kichwani mwangu. Sufuria, blanketi, ndoo.

Nikamwendea. Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Mama, sufuria yako kubwa iko wapi?"

Alizidi kuutazama mto.

"Mama. Sufuria uliyoolewa nayo. Iko wapi?"

"Shuleni," akasema.

"Kwa nini?"

Nilijua namfanyia ukatili, na niliendelea kusimama mbele yake. Akashika mikono ya kiti akainuka.

"Kwa sababu maji yalifika shuleni," akasema. "Mnaijua ile pete ya chuma kwenye ukuta wa chini wa shule? Mnafungia punda. Mume wangu alifungia kivuko pale. Kwenye pete ile." Akaonyesha juu, kupita mabati, kupita kila kitu. "Hapa mlipokaa palikuwa mto. Hata paa lisingeonekana."

Mwenyekiti akasema, "Mama, ulisikia hadithi miezi yote hii na hukusema?"

"Nilisikia kwamba hakupotea hata mmoja," akasema. "Niliipenda. Nani asingeipenda? Walibaki watu watatu juu ya paa la ghala. Mimi nilivuka safari ya kwanza. Kamba ya kuvutia kivuko ilikuwa inatetemeka, na mume wangu aliogopa, akafunga kivuko kwenye pete, na tukimwambia rudi, anasema hawezi. Mmoja wa wale watatu alikuwa mdogo wangu. Alikuwa ananipungia mkono, anadhani tunarudi." Sauti haikutetemeka. "Niliishi na mume wangu miaka thelathini baada ya hapo. Kisha huyu mkwe wangu akamsimamisha kwenye maji ya kifua mbele ya watu, nami nikasema basi, abaki pale. Kila siku nikasema maji yatasimama, kesho nitasema. Sasa ondokeni."

Hakuna aliyecheka. Yule mama wa watoto wanne ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba mtoto.

Njia ya shule ni dakika kumi. Ilituchukua saa moja na nusu. Wanaume walifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, Futi akashuka tena kuwabeba wazee, mwenyekiti alimbeba yule mzee asiyesikia mgongoni, na mzee alimpiga makofi njia nzima akidhani ametekwa. Mimi na mama mkwe tulikuwa wa mwisho. Nilimpa bega. Tulipopita pete, akaigusa.

"Chai," akasema tulipofika. "Sufuria ninayo. Usiiharibu."

Aprili 8.

Asubuhi nyumba ya wageni imeonekana mabati tu. Kivuko kibovu kimeng'oka, hakipo. Tumehesabiwa darasa kwa darasa, watu wote wapo. Nilihesabu tena mwenyewe.

Aprili 9.

Ofisa hakuja, barabara haipo. Mwenyekiti ananipita bila salamu. Sina la kumlaumu.

Aprili 23. Mbili.

Tumeanza kushuka. Matope yamefika hadi kwenye dirisha langu la tiketi. Kamati imeniondoa kazi ya kuongoza wageni, na aliyeniletea habari alikuwa Futi, kwa sababu wengine hawakutaka. Alikaa, akanywa chai. Akiondoka akaniita shemeji. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mei 14. Kumi na moja.

Ofisa wa mambo ya kale amekuja, mwanamke mfupi mwenye viatu vya matope na swali moja: uko wapi huo mstari? Mwenyekiti akatokwa na jasho. Akatuma niitwe.

Ukuta sasa una mistari miwili. Wa chini ni ule wa kahawia. Wa juu, karibu na dari, ni wa matope, umepinda kidogo. Kibao cha shaba kiko katikati, kimeingia kutu ya kijani. Nikamwambia ofisa, mstari huu ni wa mume wangu, ule ni wa mto, na kilichoandikwa hapo katikati nilikitunga mimi. Nikaona aibu imenipanda hadi masikioni, nikabaki nimesimama nayo.

Hakuandika kitu. Mlangoni mama mkwe akagonga fimbo yake. "Huo nao bado ni mdogo," akamwambia. "Njoo nikuonyeshe pete."

Tukapanda, polepole, mwenyekiti nyuma. Pale ukutani alimsimulia yote, kamba, woga, paa la ghala, bila kumwongezea mume wake aibu wala kumpunguzia. Ofisa akauliza kama kuna anayekumbuka majina ya wale watatu. Mama mkwe akayataja, la mdogo wake likiwa la mwisho. Miaka ishirini na miwili naishi naye nyumba moja na sikuwahi kulisikia.

Ofisa alisema orodha itasubiri, ataandika ripoti, ataona. Hakuahidi kitu. Mwenyekiti akakitoa kibao kwa patasi mwenyewe jioni hii, na sijui atakipeleka wapi.

Mimi nimefungua kitabu hiki. Safu ya abiria imekaa tupu tangu kivuko kife. Nimeyaandika mle yale majina, yote matatu, kwa mwandiko wangu wa kazini, na mama mkwe amesimama nyuma yangu kuangalia kama nimekosea.